Wana wa Henut

Neno lilizaliwa sokoni Busia asubuhi, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limekwisha kufika Malaba pamoja na madereva na mizigo yao. Tariq Omuse alilipokea akiwa amesimama kando ya lori la saruji lililokuwa likisubiri kuvuka kwenda Uganda, simu moja sikioni, nyingine mkononi. Aliyemletea ni Okwara, wakala mwenzake wa forodha, mtu asiyejua kuficha jambo wala kulipamba.

"Boss, kule Busia wanasema dada yako amerudi," Okwara alisema. "Wanasema huko Ulaya anafanya kazi ya mumiani."

Tariq alikata simu iliyokuwa sikioni akamgeukia. Mumiani alikuwa amewasikia tangu utotoni, watu wasiojulikana wanaonyonya damu ya wenzao na kwenda kuiuza. Kila mtoto wa Burumba, mtaa wao wa Busia, alitishiwa nao asizurure jioni. Leo neno hilo limeruka ukuta na kuingia nyumbani kwao, na limemkalia nani? Fazila, ambaye alipokuwa mdogo alikuwa akijificha chini ya kitanda siku ya kuchinja kuku.

"Na wewe unasemaje?" akamuuliza Okwara.

"Mimi nasema nipatie hizo karatasi nimalizie hii gari, wewe uende nyumbani."

Akaenda.

Mtu akiwaona Tariq na Fazila wamesimama pamoja asingedhani wametoka nyumba moja. Tariq alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mifupa ya mashavu imetokeza, mtu wa Amagoro mtupu, kama Wateso wa upande wa baba yake. Fazila alikuwa mfupi, mwenye rangi ya maji ya kunde, pua nyembamba na nywele laini za marehemu Abdulnoor, ambaye babu yake alitoka Pwani zamani akatia nanga ya biashara mpakani. Kilichowaunganisha ni Zulaika, mama yao, muuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Zulaika aliolewa kwanza na Paulinus Omuse, dereva wa malori. Walioana kwa mkuu wa wilaya, huku wazee wa pande zote mbili wamenuna. Paulinus alikufa ajalini Tariq akiwa bado hajaota meno. Zulaika akarudi Burumba na mtoto mgongoni, akaanza kufuata omena Port Victoria na kuiuza Busia kwa wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka, hadi siku ambayo Abdulnoor, mwenye duka la vyombo, alileta posa. Abdulnoor hakuuliza mtoto ni wa nani. Alimfundisha kusoma, kuswali, kuendesha baiskeli na kunyamaza kwanza mteja anapotaja bei. Jina la Omuse hakuliondoa. Alisema mtu hanyang'anywi jina la baba yake eti kwa sababu baba hayupo wa kulitetea.

Kwa hiyo Tariq alikua akijua ana baba wawili, mmoja chini ya mchanga wa Amagoro na mwingine dukani, na hakuona upungufu wowote. Upungufu alionyeshwa siku ya kumzika Abdulnoor. Alikuwa amekwisha kuvua viatu na kukunja suruali ashuke kaburini kumpokea mzee wake, ndipo baba mdogo Ayub, ndugu wa marehemu, alipomshika bega.

"Waingie watu wa damu," Ayub alisema, kwa sauti ya upole kabisa.

Wakaingia wapwa wa marehemu, vijana waliokuja siku hiyo kutoka Kisumu. Tariq alivaa viatu vyake akasimama na majirani. Hakumwambia mama yake, wala Fazila, ambaye wakati huo alikuwa na wanawake nyumbani. Lakini jambo la kaburini halikai kaburini. Fazila alilisikia, akalimeza, akarudi masomoni Ulaya nalo.

Sasa alikuwa daktari, ingawa si wa sindano na vidonge. Majirani wengi walikuwa hawajaelewa ni daktari wa nini, na mahali pasipoeleweka ndipo uvumi hupata kiti.

Tariq aliwakuta mama na dada yake sebuleni. Mama Zulaika alikuwa amekaa na leso yake begani, hajafungua hata gunia moja la omena siku hiyo. Alieleza kwamba wateja wake wa miaka mingi walikuwa wamemzunguka tangu asubuhi, mmoja akiuliza kama ni kweli binti yake anakata maiti, mwingine akiuliza kama kuna damu inayoletwa. Mmoja aliyekuwa na mimba alikataa hata kumsalimia Fazila kwa mkono. Na juu ya hayo, Ayub alikuwa amepiga simu. Alitaka mazungumzo ya Jumamosi yafutwe.

Mazungumzo hayo yaliandaliwa na Madam Wilkister, mwalimu aliyemfundisha Fazila bayolojia. Siku hizi alikuwa akifundisha shule ya wasichana huko Amagoro, na alikuwa amemwomba Fazila aje awaambie wanafunzi na wazazi kazi anayofanya.

"Niambie na mimi, basi," mama alisema. "Nimechoka kuambiwa na watu wa sokoni kazi ya mtoto wangu."

Fazila alivuta stuli akaketi miguuni pake. Alianza na lile neno lenyewe. Akasema watu wa sokoni hawakukosea sana, kwani mumiani na jina wanaloitwa maiti wa kale wa Misri ni neno moja lililopotezana njia. Zamani wafanyabiashara walileta Pwani dawa nyeusi kama lami, ikiitwa mumiani, na watu waliamini inatoka katika miili ile iliyokaushwa na kufungwa vitambaa. Dawa ikapotea, jina likabaki na hofu yake.

"Damu hawana hata tone, mama," akasema. "Wamekauka kuliko omena yako."

Mama akacheka bila kutaka. Tariq naye akakaa.

Katika jumba la makumbusho la mji anaofanyia kazi, Fazila aliendelea, kulikuwa na maiti wawili wa kiume waliotolewa katika kaburi moja huko Misri, zaidi ya miaka mia iliyopita. Waliishi na kufa karibu miaka elfu nne kabla yetu. Mmoja aliitwa Ameni, mwingine Ipi. Walikuwa wamelazwa ubavu kwa ubavu, na juu ya kila sanduku, chini ya jina la mwenyewe, palikuwa pameandikwa kwamba huyu ni mwana wa Henut. Henut alikuwa mwanamke. Jina la baba halikuwepo, si kwa Ameni, si kwa Ipi.

Waliowatoa walifurahi wakasema wamepata ndugu wawili. Lakini akaja bingwa mmoja wa siku hizo na vyombo vyake vya kupimia mafuvu. Ameni alikuwa mrefu, mifupa ya mashavu imetokeza. Ipi alikuwa mfupi, uso mwembamba. Bingwa akapima, akaandika, akatoa hukumu. Mmoja, alisema, ni mtu mweusi wa kusini, na mwingine ni wa taifa jingine, kwa hiyo haiwezekani hawa wawe ndugu. Maandishi ya masandukuni akayaita makosa ya mafundi. Basi Ipi akawekwa ukumbini chini ya taa, watu waende kumtazama. Ameni akashushwa ghala la chini, akakaa huko miaka yote hiyo kwenye rafu.

Tariq aliona dada yake amemwangalia, kisha ameangalia pembeni.

"Siku ya kwanza kumwona Ameni, nilishuka ghalani na mwenye funguo," Fazila alisema. "Akafunua kitambaa cha usoni. Kaka, nilisema bismillahi nikakaa chini. Ulikuwa wewe."

Mama alimshika Fazila kichwani, kama anavyomshika mtoto mwenye homa.

Kisha Fazila akaeleza kazi yenyewe, na Tariq, aliyezoea kuelezwa mambo magumu na maofisa wa forodha, alishangaa jinsi ilivyokuwa wazi mdomoni mwake. Ndani ya jino, alisema, mwili huficha kitu kama ndani ya kokwa. Alitoa jino moja la kila maiti, akachukua unga kidogo wa mzizi, kisha meno yakarudishwa mahali pake. Kazi hiyo hufanywa katika chumba ambacho mtu huingia amevaa nguo za kumfunika hadi machoni, kwa sababu adui mkubwa wa maiti ni aliye hai. Chafya moja, unywele mmoja, na kipimo kitasoma vinasaba vya mpimaji badala ya vya marehemu. Mara ya kwanza hilo ndilo lililompata. Alisoma matokeo akakuta ndani yake mtu wa jana, pengine mmoja wa wale waliowashika wakati wa kuwafunua. Ilibidi aanze upya na jino jingine. Wenzake walimshauri aache, watu hao wawili hawana haraka. Hakuacha.

Jino la pili lilizungumza. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mtu huirithi kwa mama peke yake, awe wa kiume au wa kike. Hiyo ilikuwa sawasawa kwa Ameni na Ipi. Kuna sehemu nyingine ambayo mwanamume huirithi kwa baba tu. Hiyo ilikuwa tofauti kabisa. Wakubwa wake walitaka kuishia hapo, kwa kuwa watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kushiriki bibi wa mbali bila kuwa ndugu. Fazila akasisitiza wapime na vile vilivyobaki, vile vya mchanganyiko wa baba na mama, hata kama vimekatika vipande vidogo kama chenga za mchele. Miezi ikapita. Vipande vilipounganishwa na kuhesabiwa, jibu lilikuwa moja. Hawa walikuwa na mzazi mmoja wa pamoja, na mzazi huyo ni mama.

"Fundi wa sanduku hakukosea," Fazila alisema. "Aliyekosea ni bingwa."

Mama Zulaika aliomba arudiwe jina la yule mwanamke. Akalitamka mwenyewe, Henut, taratibu, mara mbili, kama mtu anayejulishwa kwa mgeni.

Ayub alifika alasiri, kanzu imepigwa pasi, fimbo mkononi ingawa hakuwa na haja ya fimbo. Hakuwa mtu mbaya, na hata Tariq hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila kitu kina mahali pake, na kwamba yeye ndiye amewekwa kuangalia. Akasema sheikh hajatamka lolote, anayesema ni yeye, kwa sababu jina la kaka yake limefika sokoni.

"Mliomba ruhusa kwa nani?" akamuuliza Fazila. "Maiti ana heshima yake. Hata akiwa wa Firauni."

Tariq alitegemea dada yake angejitetea kwa maneno ya kisomo. Hakufanya hivyo. Alimwambia kwamba swali lake ni la haki na kwamba yeye mwenyewe hulala nalo. Waliowatoa kaburini hawakumwomba mtu, na waliotakiwa kuombwa hawapo. Ndiyo maana huchukua kidogo kuliko ukucha, ndiyo maana hurudisha, na ndiyo maana hafanyi kazi na redio wala mzaha katika chumba kile. Akasema pia kwamba kama angewaacha kama alivyowakuta, mmoja angebaki ghalani akiitwa mgeni mbele ya mwana wa mama yake. Hiyo nayo si heshima.

Ayub alizungusha fimbo. Mwishowe akasema hatazuia, ila atakuja Amagoro kusikia kwa masikio yake.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa kabla mgeni hajaingia. Wengine walikuja kwa ajili ya elimu, wengine kwa ajili ya mumiani. Wasichana walikaa mbele katika sketi zao za kijani, wazazi nyuma yao, na wengine wakasimama madirishani. Mama Zulaika alikuwa amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya Idi. Tariq alikaa kushoto kwake. Ayub alikaa kulia, amenyooka kama mlingoti.

Safu mbili nyuma yao Tariq aliona uso uliomfanya ageuke tena kuhakikisha. Ulikuwa uso wa Otukei, kaka wa marehemu Paulinus. Walionana mara chache, kwenye mazishi na kwenye kesi za mashamba. Otukei alikuwa akimwita "wa Omuse" kila walipokutana, na kila mara akimuuliza lini atajenga nyumbani. Kwa Otukei, miaka yote ya Burumba ilikuwa kama mapumziko ya njiani.

Madam Wilkister hakutumia muda mwingi kumtambulisha mgeni. Alisema tu kwamba mwaka fulani, shuleni kwao hakukuwa na hadubini, na msichana mmoja alimwuliza kama wanaweza kutumia kioo cha saa. Wasichana wakacheka. Fazila akasimama.

Alizungumza Kiswahili, hicho hicho cha Busia, cha kuchanganya na kujikosoa njiani, na neno la kitaalamu lilipomkatalia alilizunguka hadi likaeleweka. Hakuwatazama wakubwa. Aliwasimulia wasichana kama anavyosimulia mtu habari za jirani. Alipoonyesha ukutani picha ya nyuso mbili, ya Ameni na ya Ipi, aliwaacha kwanza waangalie.

"Hawa wanafanana?" akauliza.

Hapana, wakajibu. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mmoja wa huku, mmoja wa kule.

"Bingwa pia alisema hivyo."

Halafu akawapeleka hatua kwa hatua, jino, unga, chumba, kosa la kwanza, jino la pili, mama, baba, vile vipande vya mwisho. Malori yakapita barabarani, hakuna aliyegeuka. Tariq alikuwa ameisikia habari hiyo tayari, lakini hapo, mbele ya watu wa upande wa baba yake, aliisikia upya. Aliwaangalia wasichana wa mbele, waliosahau kufunga midomo, akajiambia kwamba mtu huyu anayewashika hivi ndiye yule mdogo wake ambaye yeye alikuwa akimbeba kwenye fremu ya baiskeli kwenda madrasa.

Fazila akaonyesha picha ya mwisho. Ilikuwa ya chumba kimoja, taa moja, na masanduku mawili ubavu kwa ubavu. Alieleza kwamba makumbusho walipokubali kumpandisha Ameni kutoka ghalani, palizuka ubishi wa nini kiandikwe ukutani. Mkubwa wake alitaka paandikwe kwamba ni ndugu nusu. Ndivyo wanavyosema huko, na kwao si tusi.

"Nikawaambia kwetu watoto wa mama mmoja hatuwakati nusu," alisema. "Tunasema tumbo moja. Wakaniuliza maana yake, nikawaeleza. Leo ukienda pale utakuta pameandikwa kwa herufi kubwa, Wana wa Henut. Na chini yake, kwa Kiswahili, tumbo moja."

Makofi yalianzia kwa wasichana yakaenda hadi madirishani. Watu waliokuja kumwona mumiani walipiga kwa nguvu kuliko wengine. Kiswahili chao kimekwenda kukaa ukutani Ulaya, juu ya watu wa Misri, na kimepelekwa na mtoto wa muuza omena wa Burumba. Hata asiyeelewa kipimo alielewa hilo.

Wakati wa maswali, wa kwanza kusimama alikuwa Otukei.

"Mimi naitwa Otukei," alisema. "Sisi Wateso, mtoto ni wa ukoo wa baba. Hawa wawili baba zao ni tofauti, basi koo ni tofauti. Sasa ni nani aliwaweka pamoja?"

"Mzee, maiti hajiziki," Fazila akamjibu. "Waliowaweka pamoja ni waliobaki. Pengine koo zote mbili zilikuja kila moja ikitaka mtu wake. Hilo hatulijui. Tunachojua ni kwamba mwisho mtu alisimama akasema hawa hawatenganishwi, na akasikilizwa."

Otukei alisimama kidogo zaidi, kana kwamba swali lilikuwa na mkia, kisha akakaa. Na kabla mwingine hajainua mkono, Tariq alisikia kiti kikisukumwa upande wa kulia wa mama yake. Ayub alikuwa amesimama.

Alisafisha koo. Alisema amesikiliza kwa makini na ameridhika kwamba hapana damu wala uchawi. Lakini ana jambo moja.

"Tuseme baba wa mmoja alimlea yule mwingine," akasema. "Alimlea kama wake, tangu mdogo mpaka mkubwa. Hicho kipimo chako kingeonyesha nini?"

Ukumbi haukujua uzito wa swali. Waliojua walikuwa watu wanne, na mmoja wao alikuwa jukwaani. Tariq alitazama mikono yake. Alitaka kutoka, na hapohapo alitaka kusikia.

Fazila akamgeukia.

"Kisingeonyesha kitu, baba mdogo," akasema. "Kipimo hakijui nani alimlisha nani. Hakijui nani alimfundisha nani kuswali. Nikichukua jino la mtoto wa namna hiyo, ule upendo wote hauonekani hata punje. Huo unajulikana na walio hai peke yao. Wakiukana, hakuna maabara duniani itakayoweza kuurudisha."

Ayub alibaki amesimama. Akamtazama binti wa kaka yake, kisha, polepole, akateremsha macho kwa Tariq. Akakaa, na fimbo akailaza sakafuni.

Madam Wilkister, ambaye hakujua kilichopita, alishika kipaza sauti akaomba mama wa daktari asimame ili wasichana wamwone. Mama Zulaika aliinuka. Tariq alidhani atapunga mkono na kuketi, maana hakuwa mtu wa kuzungumza mbele ya watu wasionunua. Badala yake alimshika Tariq mkono wa shati akamvuta juu, na Tariq, mrefu vile, akainuka kama mtoto aliyekosa darasani.

"Naitwa Zulaika," akasema. "Mnaona huyo wa mbele. Huyu hapa pia ni wangu. Huyu baba yake ni wa hapa Amagoro, na huyo baba yake ni wa Burumba, na wote wawili walikuwa waume wazuri. Wamelala mbalimbali. Lakini watoto nimewazaa mimi, na uchungu haukuniuliza ni wa ukoo gani."

Wanawake wa nyuma walipiga vigelegele. Mmoja wa wale wa soko la Busia, aliyekuwa amekuja kwa umbea, alilia waziwazi. Tariq alisimama pale mbele ya baba zake wadogo na wakubwa, wa pande zote, mkono wa mama umemshika shati, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi hakutafuta pa kujiweka.

Baadaye kulikuwa na chai na mandazi chini ya turubai. Otukei na Ayub, ambao hawakuwa wamewahi kuongea, walijikuta kwenye benchi moja. Tariq aliwapelekea vikombe, akasikia Otukei akisema kwamba Paulinus alipokufa wao walimchukia yule msichana wa Kiislamu, wakamwacha aende na mtoto wao. Ayub akasema kwamba kaka yake alimpokea. Alisema, "Kaka yangu alimlea vizuri." Kisha akapokea kikombe kwa mikono miwili, akamwambia Tariq, "Asante, mwanangu."

Lilikuwa neno dogo, na lilichelewa. Tariq alilipokea jinsi lilivyo. Halikumshusha kaburini kumlaza Abdulnoor, na hakuna neno lingeweza. Lakini aliporudi kuchukua mandazi alikuta anatabasamu peke yake, na msichana mmoja wa shule, aliyeona anavyofanana na ile picha ya ukutani, akamuuliza kama ni kweli yeye ndiye Ameni. Akamwambia ndiye. Msichana huyo akataka kujua mtu akitaka kuwa kama daktari anaanzia wapi. Tariq akampeleka kwa Fazila, akaona foleni ya wasichana imefika hadi kwenye bomba la maji.

Sokoni Busia uvumi ulibadilika Jumatatu. Sasa ilisemekana kwamba binti wa Zulaika anaweza kumjua mama yako na baba yako hata ukiwa umekufa miaka elfu nne, na wanaume wawili watatu walionekana na wasiwasi. Wateja wa omena walirudi, pamoja na yule mwenye mimba, ambaye alitaka Fazila amshike tumbo kwa baraka. Fazila alimwambia yeye si daktari wa aina hiyo, kisha akamshika.

Siku Fazila alipoondoka, Tariq alikuja na gari ampeleke Kisumu kupanda ndege. Walikuta mama amefunga omena kavu katika mifuko mitatu, akisisitiza kwamba yule mkubwa wa Fazila kazini aonje. Mizigo ilipokwisha kupakiwa, mama alisimama mlangoni mwa gari, akashikilia dirisha.

"Yule Henut mwenyewe," akasema, "yeye mlimweka wapi?"

Fazila alimweleza kwamba hakupatikana. Katika kaburi lile palikuwa na wanawe tu. Huenda alizikwa mahali pengine, huenda yuko katika ghala la mji mwingine bila jina.

"Hamjamtafuta?"

"Bado, mama."

Mama Zulaika alimtazama binti yake kama alivyokuwa akimtazama zamani akirudi kutoka dukani bila chumvi.

"Watoto wako pale wawili, wamewekwa vizuri, wanatazamwa na watu, na mama yao hajulikani alipo," akasema. "Nenda umtafute, Fazila. Kwa hayo meno yao si utamjua?"

Fazila alifungua mdomo kueleza ugumu wake, miaka, vibali, mamia ya maiti wasio na majina. Kisha akaufunga.

"Nitamjua," akasema.

"Haya. Tariq, endesha pole."

Tariq akatia gia, na njia nzima hadi Kisumu dada yake alikuwa akiandika katika simu, akiuliza majumba ya makumbusho ya miji mingine yana maiti wangapi wa kike wasio na majina.